Alichosema Mama Yako Kwenye Picha

Somoe mwanangu,

Salamu za kwenye barua sina, maana tumekwisha salimiana leo asubuhi. Ulikuwa unafagia uwanja, ukasema shikamoo baba, nikaitikia marahaba na kupita. Sasa uko chumba cha pili na shangazi yako mnafunga sanduku. Nawasikia. Shangazi yako ameshakueleza chakula cha njiani, nani atakupokea Dar es Salaam, na kwamba pale kivukoni Rufiji usimwachie mtu mzigo wako. Hayo siyarudii.

Naandika kwa sababu ya swali lako la juzi. Tulikuwa tunamenya mihogo, ukaniuliza, "Baba, ni kweli mama alikuwa kwenye sinema?" Nikajibu, "Kweli," nikaendelea kumenya. Ukangoja. Nilikuona unangoja. Kisha ukainuka na beseni lako ukaenda jikoni.

Wewe unakwenda kusomea kazi ya maabara, kazi ya kutoa watu damu na kuitazama. Mtu pekee wa kukueleza damu ilivyotutenda sisi ni mimi, nami huwa sisemi. Basi leo nitasema kwa kalamu. Usitarajie maneno ya kuchoma moyo. Tangu mama yako afariki kuna mahali ndani yangu pamekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Tofauti ni kwamba mguu huamka.

Wakati huo tulikaa hapa hapa Kitangari. Nilikuwa mwalimu wa kisomo, nafundisha watu wazima kusoma ndani ya ghala la korosho likiwa tupu baada ya msimu. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea, na wakimbizi walikuwa wanapanda huku uwandani na watoto mgongoni. Watu wetu nao walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Newala kukafunguliwa maabara ndogo ya utafiti, nyumba ya vyumba viwili tu. Walitaka kujua kwa nini wanawake na watoto wa huku wamepauka, wanahema wakipanda kilima, wanavimba miguu, wanakula udongo. Ugonjwa wenyewe tuliujua, tuliuita safura. Sababu yake ndiyo hatukuijua.

Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Felisiani, mtu wa Bukoba, mrefu, asiyependa kelele. Madirisha aliyapaka rangi ya kijani ili jua lisiharibu dawa zake. Rangi ile ilimponza. Mtu akipita nje haoni ndani. Anaona watoto wanaingizwa, anasikia wanalia, anawaona wakitoka wameshika mkono. Likaanza neno kwamba mle ndani kuna mumiani. Wengine wakasema damu inavushwa Ruvuma kwa askari wa Mreno waliojeruhiwa. Wengine wakasema hapana, wanapewa wapigania uhuru. Akina mama wakisikia Landrova ya maabara inakuja waliingia mashambani na watoto wao, wakakaa huko mpaka ipite.

Siku moja Felisiani alinijia ghalani. "Mwalimu," akasema, "siwezi kuingiza watu wa uwanda mzima kwenye chumba changu. Lakini chumba changu naweza kukitoa nje wakakiona."

Maana yake ilikuwa sinema. Aliomba gari la sinema la serikali lije kupiga picha ndani ya maabara, hatua kwa hatua, kuanzia sindano mpaka kwenye darubini, kisha picha hiyo ionyeshwe vijijini. Gari lilikuja na Bwana Elifasi, Mchaga, ndiye mpiga picha, ndiye dereva, ndiye mwendesha mashine. Picha isingekuwa na sauti. Walihitaji mtu wa kusimama kando ya shuka la kuonyeshea picha akiwa na kipaza sauti, aeleze kwa Kiswahili, Kimakonde na Kiyao. Baba yangu Mmakonde, mama yangu Myao wa Chiwata. Wakanichukua mimi.

Walihitaji pia mtu wa kutolewa damu mbele ya kamera. Huyo hakupatikana. Mwenyekiti wetu alikubali jioni, kulipokucha akawa na safari. Nilipomsimulia mama yako alikuwa anapembua mtama. Akasema, "Wewe utakwenda kuwaambia wenzako watoe damu, na mkeo amekaa nyumbani? Nitakwenda mimi."

Sikumwomba. Wala sikumkataza.

Maabarani Elifasi aliweka taa zake, akamwambia mama yako anawe mkono kwanza ili watu waone usafi. Mama yako akatazama maji yanavyochuruzika sakafuni, akasema, "Maji kama haya sisi tunapanda nayo kutoka bondeni kichwani, na ninyi mnayaacha yaende." Felisiani akachukua karai, akakinga. Hiyo imo kwenye picha, karai linaingia kwa haraka, na kila kijiji wanawake walicheka hapo.

Kisha sindano ikaingia. Mama yako aligeuza uso kuelekea upande wangu, akasema maneno machache. Kamera ikachukua midomo yake.

Nilipewa karatasi ya maelezo kutoka makao makuu. Mahali pale palikuwa na sentensi moja: mama huyu anasema haiumi. Usiku wa kwanza tulionyesha hapa Kitangari, na mama yako mwenyewe alikuwa amekaa mbele, kafunika mdomo kwa kanga kwa haya. Midomo yake ilipocheza kwenye shuka, nikasema, "Anasema haiumi." Tulipofika nyumbani akaniambia, "Umenisemea uongo mbele ya watu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeandika alichomwa yeye?"

Nikacheka. Niliendelea kusema hivyo hivyo kila kijiji, maana karatasi ilikuwa na muhuri na mimi nilikuwa mtu wa kuheshimu muhuri. Kijiji kimoja kwenye ukingo wa uwanda, juu ya Ruvuma, mgambo walituamuru tuzime mashine waliposikia ndege ya vita. Tukakaa gizani na watu wale, hakuna aliyekohoa, mpaka mlio ukapotea kusini. Elifasi akawasha tena, na mama yako akaendelea kunawa mkono kama hapakutokea kitu. Watu walitazama vizuri sana. Walioleta watoto maabarani baada ya hapo walikuwa wachache.

Sasa nieleze lile jingine.

Damu ile ya kwenye picha ilipimwa kweli. Felisiani alimwita mama yako akamwambia damu yake ni pungufu, ana minyoo ya safura, ile inayoingilia nyayoni mtu akikanyaga udongo mchafu, ikakaa tumboni na kufyonza kidogo kidogo kwa miaka. Alipewa dawa, akapewa na vidonge vya kuongeza damu. Alikuwa ameshashika mimba ya mdogo wako. Vidonge alivimeza vyote, mimi ni shahidi. Havikutosha. Alikuwa amepungukiwa tangu zamani, na mtoto alikuwa anachukua yake.

Uchungu ulimshika kwenye masika. Mtoto alizaliwa hapa nyumbani asubuhi, hakulia. Damu ya mama yako haikusimama. Tukamfunga kwenye machela, wanaume wanne, mimi nikiwa mmoja wao, tukaenda Newala kwa miguu maana barabara ilikuwa tope na gari halikupatikana. Felisiani alitukuta hospitalini. Akataka kutupima ili mmoja wetu atoe damu. Yangu haikulingana. Wawili wakarudi nyuma mpaka ukutani, wakasema hawawezi. Wa nne alikubali, alikuwa ameshakunja mkono wa shati, na mama yako akafariki Felisiani akiwa bado ameshika sindano.

Wale wawili siwalaumu. Niliwaona macho yao. Walikuwa wameitazama picha yangu, wakanisikia nikisema haiumi, na hawakuniamini.

Sikulia. Watu waliliona hilo, walilisema na bado wanalisema. Nilishika jembe, nikafukia, nikanawa. Nilipokea pole za watu kama mtu anayepokea mizigo ya mwenzake.

Bibi yako alikuja kutoka Mnyambe kwa mazishi. Unajua mkwe na mkwe kwetu hawasemezani usoni. Siku ya kuondoa tanga alisimama mlangoni akamwambia shangazi yako, nami nikiwa hatua chache tu, "Mwambie mkwe wangu, picha ile ndiyo iliyomla mwanangu. Walianza kwa kumtoa kidogo, wakarudi kuchukua yote. Mtoto namchukua." Akakubeba. Kwa mila mtoto ni wa upande wa mama, sikuwa na la kusema. Lakini hata ningekuwa nalo nisingesema. Nilikutazama ukienda, kichwa chako kikiwa begani kwake, nikarudi ndani kutafuta kiberiti.

Kisha nikarudi kwenye gari la sinema. Watu hudhani nilirudi kwa ushujaa, na Felisiani aliwahi kunisifu hadharani. Mwanangu, nilirudi kwa sababu jua likizama nilikuwa najua pa kusimama. Kando ya shuka, mkono wa kulia. Nyumbani sikujua nikae kiti gani.

Basi kila kijiji mama yako alikuwepo. Ananawa, karai linaingia, anakaa, anageuza uso, nami nasema haiumi. Nilikuwa nasema kwa sauti ile ile ninayotangazia wakulima bei ya korosho ghalani. Habari za kifo chake zilitutangulia. Chiwata, kwa wajomba zangu, mtu mmoja aliuliza kutoka gizani, "Huyo mama yuko wapi sasa?" Nikajibu, "Amefariki." Watu wa nyuma wakainuka mmoja mmoja wakaondoka. Elifasi akaniambia njiani, "Mwalimu, kipande kile naweza kukikata nikaunga. Hakuna atakayejua." Nikamwambia akiache.

Mnyambe tulikuwa tunaipita kila mara bila kusimama. Mwishowe ilibidi twende. Bibi yako alikuja, wewe alikuacha kwa mama yako mkubwa ili usione. Alikaa mbele kabisa, chini, miguu kainyoosha, kanga kichwani. Hakunitazama. Picha ikaanza. Mama yako alipotokea, wanawake waliokuwa karibu naye wakamsogelea. Sindano ikaingia, uso ukageuka, nikasema, "Anasema haiumi."

Bibi yako akasimama. Akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwambie mkwe wangu mwanangu hakusema hivyo."

Mashine ilikuwa inazunguka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Mdomo wake naujua. Hajasema haiumi."

Mwanamume mmoja akauliza kwa heshima, "Alisema nini, mama?"

"Mwambieni mkwe wangu aseme. Yeye alikuwepo."

Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo hilo. Nilikuwa na karatasi ya muhuri mkononi na kipaza sauti kinywani. Nikasema, "Alisema, inauma. Mwambie huyo afanye upesi, nimeacha kunde motoni."

Walicheka, kicheko kile kinachotoka kabla mtu hajajua kama kinafaa. Bibi yako akasema, "Hayo ndiyo maneno ya mwanangu." Halafu akasema, "Mwambieni mwenye mashine aisimamishe, nimtazame."

Elifasi akajibu, "Haiwezi kusimama, mama. Taa ina moto, filamu ikisimama inaungua. Lakini naweza kuirudisha."

Akairudisha. Kipande kile tukakitazama tena, nami nikasema maneno ya kweli. Akairudisha mara nyingine, na hapo sikusema kitu, kwa sababu bibi yako aliyasema mwenyewe, polepole, pamoja na midomo ya mama yako, mpaka kwenye kunde.

Mtu akauliza kama ni sindano ile iliyomwua. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe hapo juu, safura, mimba, machela, wale waliokataa bila kuwataja majina, na yule aliyekunja mkono wa shati. Nilisema yote kwa sauti ya bei ya korosho. Hakuna aliyeondoka.

Asubuhi yake bibi yako alipanda Landrova ya sinema nasi mpaka Newala. Alikaa nyuma na makopo ya filamu. Mlangoni pa maabara akamwambia Felisiani, "Nifungulie nione." Felisiani akamfungulia. Akamchoma kidole, akaweka tone kwenye kioo, akamwekea kigoda ili afikie darubini. Bibi yako akafumba jicho moja akatazama muda mrefu.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Na ya mwanangu iko wapi?"

Nilidhani Felisiani atatafuta maneno. Hakutafuta. "Tuliipima, mama, ikaisha siku ile ile. Iliyobaki tuliimwaga na kuosha kichupa. Haikwenda popote."

"Mliimwaga wapi?"

Akamwonyesha karo. Bibi yako akasogea, akaweka kiganja ndani ya karo, akakiacha humo. Bomba lilikuwa linadondosha, maji yakamlowesha mkono. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akamwambia Felisiani, "Rangi hiyo ya madirisha itoeni. Tundikeni mapazia, mtu akitaka kuona mmfungulie."

Waliikwangua rangi ile wiki hiyo hiyo. Wanawake wa Mnyambe walianza kuja na watoto, wakibisha kwanza dirishani na kuchungulia. Si wote. Wapo waliokufa bila kuingia mle ndani, na wapo ambao mpaka leo wakiniona wananipisha njia. Bibi yako alikurudisha baada ya mavuno. Alikusimamisha pale uwanjani, akamwambia shangazi yako, "Mwambie baba yake mtoto anamwulizia."

Ulikuwa unaniulizia kweli? Sijawahi kukuuliza.

Msimu mzima uliofuata picha ile ilikuwa bado inazunguka, na ulikuwa mkubwa wa kutosha. Ningeweza kukupandisha kwenye Landrova. Nilikuacha kwa shangazi yako kila safari, nikisema kuna vumbi. Kisha Landrova ikafa, mafuta yakawa ya shida, Msumbiji wakapata uhuru wao, Elifasi akahamishwa na makopo yake yakarudishwa Dar es Salaam. Nikabaki na kisomo na mikorosho. Mwanangu, hukumwona mama yako kwa sababu yangu, na sina sababu nzuri ya kukupa. Kwa muda huo wote nilikuwa kama mtu aliyewekewa sindano ya ganzi. Mtu wa namna hiyo hadhani wengine wanasikia uchungu.

Huko unakokwenda utafundishwa na watu wanaojua, nami sina cha kuongeza juu ya elimu yao. Ninalolijua mimi ni dogo. Mtu akikuuliza kama itauma, mwambie itauma. Akikuuliza damu yake imekwenda wapi, usimjibu kwa maneno marefu, mpeleke akaone, hata kama ni kwenye karo. Na ukipewa karatasi ya muhuri inayosema alichosema mtu, mwulize kwanza mtu mwenyewe.

Kesho kwenye gari sitalia. Nitapandisha sanduku lako juu, nitalifunga kamba, kisha nitasimama mbali kidogo na wengine. Wanawake watanitazama. Wewe usinipime kwa hilo. Kama ningekuwa na namna nyingine ya kusimama ningeitumia.

Makopo yale, kama hayajatupwa, yako Dar es Salaam. Sikuagizi uyatafute. Una masomo. Lakini ikitokea siku umeonyeshwa picha ya zamani ya maabara ya huku kwetu, mwanamke mwembamba, kanga ya madoa, ananawa na karai linaingia kwa haraka, basi huyo ndiye. Ana mwanya kama wako. Akikaa kitini, tazama pembeni upande wa kushoto. Kuna mkono wa mwanamume umemshika bega. Uso wa mwenye mkono haumo, Elifasi hakuutaka kwenye picha. Ni mimi. Nilimshika tangu sindano ilipoingia mpaka ilipotoka.

Baba yako